Nyayo za Laetoli: elimu ya kusoma alama za viumbe wa kale

Wadau, ikitajwa habari ya viumbe wa kale wengi wetu tunawaza mifupa tu, hasa mafuvu. Lakini kuna tawi zima la sayansi ambalo halina shida na mfupa. Linaitwa iknolojia, na kazi yake ni kusoma alama: nyayo, mashimo ya wadudu na minyoo, viota vya mchwa, alama za meno, hata kinyesi kilichogeuka jiwe.

Faida yake ni hii. Mfupa unaweza kusombwa na maji ukaja kuokotwa mbali kabisa na mwenyewe alikofia. Unyayo hausombwi, ulipo ndipo mguu ulipokanyaga. Tena unakuonyesha kiumbe akiwa hai, anatembea. Tatizo ni kwamba mara nyingi mwenye alama hajulikani, ndiyo maana wataalamu huipa alama yenyewe jina lake la kisayansi, mbali na jina la mnyama. Mnyama mmoja anaweza kuacha alama za aina tatu, na wanyama watatu wakaacha alama inayofanana.

Kwetu Tanzania mfano mkubwa ni Laetoli, kilomita zipatazo 45 kusini mwa Oldupai. Mwaka 1976 wanasayansi waliokuwa kwenye kambi ya Mary Leakey walikuwa wakitupiana kinyesi kikavu cha tembo (ndiyo, watu wazima na shahada zao!). Mmoja wao, Andrew Hill, akaanguka, na pale chini akaona alama kwenye mwamba. Zilikuwa nyayo za wanyama. Baadaye zikaonekana maelfu: tembo, twiga, kifaru, sungura, kanga, na farasi wa kale mwenye vidole vitatu. Hata matone ya mvua yameacha vishimo vyake.

Mvua hiyo ndiyo siri yenyewe. Volkeno ilimwaga majivu laini, manyunyu yakayalowesha, wanyama wakapita, jua likayakausha yakashika kama saruji, kisha majivu mengine yakafunika. Haya yalitokea miaka milioni 3.66 iliyopita.

Mwaka 1978 zikapatikana nyayo za zamadamu. Njia yenyewe ina urefu wa mita kama 27 na nyayo takriban 70. Kidole gumba kimelala sambamba na vingine, kisigino kimezama kwanza, na hakuna alama ya mikono. Yaani walikuwa wanatembea wima kama mimi na wewe, zaidi ya miaka milioni moja kabla ya Homo erectus. Wengi wanawahesabu kuwa ni Australopithecus afarensis. Walikuwa watatu, na mmoja alikanyaga ndani ya nyayo za mwenzake, jambo lililowasumbua sana wapimaji.

Urefu wa mtu unakisiwaje? Kwa binadamu wa leo, unyayo ni kama asilimia 15 ya urefu wake, na kwa zamadamu hesabu hurekebishwa kidogo. Hivyo ndivyo Profesa Fidelis Masao, Elgidius Ichumbaki na wenzao walivyompata jitu mmoja wa Laetoli wa kama sentimita 165. Nyayo zake ziligunduliwa mita 150 hivi kutoka zile za Mary Leakey, wakati wa kuchimba mashimo ya majaribio kwa ajili ya makumbusho iliyopendekezwa kujengwa hapo, na habari ikachapishwa 2016. Wenyewe ni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na Waitaliano. Si haba!

Kuna na kesi iliyogeuka. Nyayo nyingine za hapo hapo, zilizoonekana tangu 1976, zilidhaniwa kuwa za dubu aliyesimama. Zikafukuliwa upya 2019, na mwaka 2021 wataalamu wakaeleza kuwa ni za zamadamu, tena wa aina tofauti na wale watatu. Kama zingekuwa zimeachwa wazi miaka yote hiyo, sidhani kama kungebaki cha kupima.

Hapo ndipo penye mvutano. Wapo wanaosema nyayo zifunuliwe watalii waone, wilaya ipate hela. Naelewa hoja, ila historia inatisha. Mwaka 1979 njia ile ilifukiwa kwa udongo uliokuwa na mbegu za migunga. Miti ikaota, na mizizi ikaanza kutafuta njia kwenye mwamba. Kati ya 1994 na 1996 Idara ya Mambo ya Kale na taasisi ya Getty ya Marekani wakaing'oa miti, wakapiga picha na vipimo, wakafukia tena kwa mchanga, vitambaa maalumu vya kuzuia mizizi, na mawe juu. Ule mwamba ni majivu tu jamani: mvua, jua, ng'ombe na viatu vyetu vinaumaliza.

Kwa maoni yangu zibaki chini. Anayetaka kuona nyayo aende makumbusho ya Oldupai, kuna nakala yake.