Hatua ya mtoano ya Ligi ya Mabingwa Afrika

Hatua ya mtoano ya Ligi ya Mabingwa Afrika ni sehemu ya mwisho ya mashindano makuu ya vilabu vya soka barani, yanayoendeshwa na Shirikisho la Soka Afrika (CAF). Huanza makundi yakimalizika na vilabu vinane vikiwa vimesalia, navyo hupambana katika robo fainali, nusu fainali na fainali. Anayeshindwa hutoka. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imetwaa kombe hili mara sita: mara tano kupitia TP Mazembe ya Lubumbashi (1967, 1968, 2009, 2010 na 2015) na mara moja kupitia AS Vita Club ya Kinshasa (1973). Mataji hayo yanaeleza vizuri siri ya mtoano: mechi ya nyumbani na ya ugenini ni pambano moja la dakika 180, na klabu isiyojua kucheza sehemu zote mbili haifiki mbali.

Muundo

Tangu 2017 vilabu 16 hugawanywa katika makundi manne, na viwili vya juu katika kila kundi hufuzu robo fainali. Kinara wa kundi hupangiwa mshindi wa pili wa kundi jingine, na hupewa faida ya kumalizia nyumbani. Kila raundi ina mkondo wa kwanza na mechi ya marudiano, na mabao ya mechi zote mbili hujumlishwa. Fainali za 2020, 2021 na 2022 zilichezwa kwa mechi moja. Ile ya 2022 ilifanyika Casablanca, mji wa Wydad iliyokuwa ikicheza fainali hiyo, na wapinzani wao Al Ahly walilalamika. Wydad walishinda 2-0. Kuanzia 2023 fainali ikarudi kuwa ya mechi mbili.

Historia

Mashindano yalianza 1964 kwa jina la Kombe la Vilabu Bingwa Afrika. Oryx Douala ya Kamerun ilikuwa bingwa wa kwanza. Kwa zaidi ya miaka 30 yalikuwa mtoano mtupu kuanzia raundi ya kwanza. Mwaka 1997 jina likabadilika na makundi yakaingizwa, vinara wa makundi mawili wakienda moja kwa moja fainali. Nusu fainali zilirejea 2001, robo fainali 2017.

Enzi ya TP Englebert

Klabu inayoitwa leo TP Mazembe iliundwa 1939 na wamonaki Wabenedikto mjini Élisabethville, sasa Lubumbashi. Ikaja kuitwa Englebert, jina la kampuni ya matairi iliyoidhamini. Kati ya 1967 na 1970 ilicheza fainali nne mfululizo.

Fainali ya 1967 dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana ilimalizika 1-1 Kumasi na 2-2 Kinshasa. CAF ikaamuru mechi ya tatu Yaoundé. Kotoko hawakutokea, na kombe likaenda kwa Englebert. Kwa kanuni ya bao la ugenini iliyotumika miaka ya baadaye, sare hiyo ya 2-2 ingewapa Kotoko ubingwa. Mwaka uliofuata Englebert waliifunga Étoile Filante ya Lomé 5-0, wakafungwa 4-1 ugenini, na bado wakabaki na kombe kwa jumla ya 6-4. Walipoteza fainali mbili zilizofuata, mbele ya Ismaily ya Misri (1969) na Asante Kotoko (1970).

Vita Club walilipiza kisasi kwa niaba ya Wakongo mwaka 1973. Walirudi kutoka Kumasi wamefungwa 4-2 na Kotoko, kisha Kinshasa wakashinda 3-0 na kutwaa taji kwa jumla ya 5-4. Huo ndio uzito wa mabao mawili yaliyofungwa ugenini katika siku ya kipigo.

Kurejea kwa Mazembe

Katika nusu fainali ya 2009 Mazembe waliifunga Al Hilal 5-2 huko Omdurman. Lubumbashi wakafungwa 2-0, lakini akiba ya mkondo wa kwanza iliwavusha. Fainalini walifungwa 2-1 na Heartland mjini Owerri, Nigeria, wakashinda 1-0 nyumbani, na bao la Owerri likaamua ubingwa. Fainali ya 2010 haikuhitaji hesabu ndefu: Espérance ya Tunisia walifungwa 5-0 Lubumbashi, na sare ya 1-1 ya marudiano haikubadili kitu. Mwezi Desemba wa mwaka huo Mazembe waliwatoa Pachuca ya Mexico na Internacional ya Brazil katika Kombe la Dunia la Vilabu, wakawa klabu ya kwanza nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini kucheza fainali yake. Inter Milan waliwafunga 3-0 Abu Dhabi. Hakuna klabu ya Kongo iliyobeba heshima kubwa zaidi, na kipa Robert Kidiaba, kwa namna yake ya kushangilia akirukaruka kwa makalio, alijulikana dunia nzima.

Bao la ugenini

Kanuni hii ilianzia Ulaya katika miaka ya 1960: jumla ya mabao ikilingana, hupita aliyefunga mengi zaidi ugenini. UEFA iliifuta 2021, lakini CAF ikaendelea nayo. Iliipa Mazembe taji la 2009, na miaka mitano baadaye ikawanyima Vita Club: sare ya 2-2 na ES Sétif Kinshasa na ya 1-1 Blida ziliwapa Waalgeria kombe la 2014, ingawa Vita hawakufungwa mechi hata moja ya fainali hiyo. Katika Kombe la Shirikisho la 2023, Yanga ya Tanzania walifungwa 2-1 nyumbani na USM Alger, wakashinda 1-0 Algiers, na wakakosa taji kwa kanuni hiyohiyo.

Mazembe na Afrika Mashariki

Historia ya Mazembe imefungamana na ile ya Simba ya Dar es Salaam. Mwaka 2011 Mazembe waliitoa Simba kwa ushindi wa 3-1 na 3-2, kisha wakaondolewa mashindanoni kwa kumchezesha Janvier Bokungu, ambaye CAF iliona hakustahili kucheza. Simba walipewa nafasi ya kucheza na Wydad mjini Cairo, wakafungwa 3-0. Mwaka huohuo mshambuliaji wao Mbwana Samatta alihamia Lubumbashi. Mwaka 2015 alifunga katika mechi zote mbili za fainali, Mazembe wakiishinda USM Alger 2-1 ugenini na 2-0 nyumbani. Akatangazwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza barani, wa kwanza kutoka Afrika Mashariki.

Timu hizo zilikutana tena katika robo fainali ya Aprili 2019. Dar es Salaam zilitoka suluhu. Lubumbashi Simba walitangulia kufunga, lakini Mazembe wakashinda 4-1.

Mtoano na mwambao wa Tanganyika

Kutoka Uvira, mji wa Kivu Kusini kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, hadi Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 900, wakati Bujumbura ya Burundi iko ng'ambo tu ya mpaka. Klabu ya jirani iliyofika mbali zaidi ni Vital'O ya Bujumbura, iliyocheza fainali ya Kombe la Washindi Afrika mwaka 1992 na kushindwa na Africa Sports ya Abidjan. Upande wa mashariki wa Kongo, Maniema Union ya Kindu ilicheza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa msimu wa 2024/25 pamoja na Mamelodi Sundowns, Raja na AS FAR, lakini haikufuzu robo fainali. Hata hivyo kufika huko kulithibitisha kwamba mji usio Kinshasa wala Lubumbashi unaweza kubisha hodi kwenye mlango wa mtoano, na vilabu vya Kivu vina kila sababu ya kuilenga njia hiyo.