Mchezo wa sita wa Deep Blue na Kasparov (1997)

Mchezo wa sita wa Deep Blue na Kasparov ni mchezo wa sataranji (chesi) uliochezwa mjini New York, Marekani, tarehe 11 Mei 1997, kati ya kompyuta Deep Blue ya kampuni ya IBM na bingwa wa dunia Garry Kasparov wa Urusi. Ulikuwa wa mwisho katika shindano la michezo sita. Kabla yake kila upande ulikuwa na pointi 2.5.

Mwaka 1996, mjini Philadelphia, Kasparov alikuwa ameishinda Deep Blue kwa pointi 4 kwa 2. Kompyuta iliyorudi mwaka uliofuata iliweza kupima hali zipatazo milioni 200 kwa sekunde.

Kompyuta ilicheza na kete nyeupe. Kasparov alichagua ufunguzi wa Caro-Kann, ambao huanza kwa nyeupe kusogeza askari hadi e4 na nyeusi kujibu kwa askari c6. Jina limetokana na Horatio Caro wa Uingereza na Marcus Kann wa Austria, walioandika juu yake mwaka 1886. Unasifiwa kwa uimara, lakini unadai mpangilio sahihi wa hatua.

Hapo ndipo Kasparov alipokosea. Katika hatua ya saba alisogeza askari hadi h6 ili kumfukuza farasi mweupe aliyekuwa g5. Kawaida nyeusi hutoa kwanza askofu hadi d6. Farasi hakurudi nyuma: alikula askari wa e6, akatolewa kafara. Mfalme mweusi alikwama katikati ya ubao, na malkia aliyesogea e7 akamziba askofu wake mwenyewe. Baadaye Kasparov alilazimika kumtoa malkia kwa kubadilishana na ngome na askofu. Alikubali kushindwa baada ya hatua ya 19 ya nyeupe.

Wengi hudhani kafara hiyo ilitokana na hesabu za kompyuta. Ukweli ni kwamba ilikuwa imehifadhiwa katika kumbukumbu yake ya funguzi, iliyoandaliwa na wachezaji mahiri waliosaidia wahandisi wa IBM. Hatua iliyomwangusha bingwa, basi, ilikuwa ya binadamu. Kazi ya kompyuta ilikuwa kuumalizia ushindi, nayo iliifanya bila huruma.

Shindano liliisha kwa pointi 3.5 kwa 2.5. Kasparov aliomba marudiano. IBM haikukubali, na Deep Blue haikushindana tena.