Safu ya Lugha: Swichi

Giza likiingia Haydom, mkoani Manyara, swichi ni kile kitufe cha ukutani cha kuwasha na kuzima taa. Lakini ndani ya kituo cha kuhifadhi data, kama kile cha taifa kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam, swichi ina kazi nyingine: kuelekeza. Data huingia kwa mlango huu na kutokea kwa ule.

Swichi ya kawaida hupokea mwanga uliosafiri kwenye mkongo, huugeuza kuwa umeme, husoma anwani, kisha huurudisha kuwa mwanga. Swichi ya mwanga, ambayo Google ilieleza mwaka 2022 kuwa inaitumia vituoni mwake, huuacha mwanga ubaki mwanga. Vioo vidogo mno hugeuka ndani yake, na mwali huingia moja kwa moja kwenye uzi mwingine wa mkongo. Umeme huokolewa. Ila vioo havisomi anwani, hivyo njia lazima ipangwe kabla mwanga haujapita.

Tuna kipaza sauti na kinasa sauti. Kwa mfano huohuo napendekeza swichi hii tuipe jina “kielekeza mwanga”. Na watu wa Haydom watalielewa upesi. Maana katika eneo lao hukutana Kiiraqw cha Kikushi, Kidatooga cha Kinailoti, Kinyisanzu cha Kibantu na Kihadza kisicho na ndugu anayejulikana. Hupishana kila siku, na kila lugha hubaki na nuru yake.