Uchambuzi wa SWOT katika usanifu wa uzoefu wa mtumiaji

Uchambuzi wa SWOT katika usanifu wa uzoefu wa mtumiaji ni njia ya kupima bidhaa ya kidijitali, kama vile tovuti au programu ya simu, kabla ya kuiunda au kuirekebisha. Jina limetokana na herufi za kwanza za maneno manne ya Kiingereza yenye maana ya nguvu, udhaifu, fursa na vitisho. Nguvu na udhaifu ni mambo ya ndani ya mradi. Fursa na vitisho hutoka katika mazingira ya watumiaji.

Njia hii ilianza katika mipango ya biashara nchini Marekani. Mara nyingi huhusishwa na Albert Humphrey wa Stanford Research Institute katika miaka ya 1960, ingawa asili yake inabishaniwa.

Mfano wa Pemba

Jamii ni Afya ni mpango wa Wizara ya Afya ya Zanzibar na shirika la D-tree. Umefika wilaya zote 11 za Zanzibar, zikiwemo Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani kisiwani Pemba. Wahudumu wa afya wa kujitolea hupita nyumba kwa nyumba na simu yenye programu inayowaongoza kuwahoji wajawazito na kina mama wenye watoto wadogo, ili dalili za hatari zitambuliwe mapema.

Katika programu ya aina hii, kufanya kazi bila intaneti ni nguvu, na maswali marefu ni udhaifu. Umeme uliofika Pemba mwaka 2010 kwa kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga ni fursa. Mtandao unaokatika ni kitisho.

Mengine hayapangiki kirahisi. Mhudumu akiwa jirani, hufunguliwa mlango bila wasiwasi. Hiyo ni fursa. Lakini mama anaweza kumficha jirani huyohuyo mimba changa. Jedwali lililojazwa ofisini likiandika fursa peke yake, programu itauliza wazi, jibu litakuwa la uongo, na dalili ya hatari itapita bila kuonekana. Kwa hiyo jedwali hujazwa baada ya kuwahoji watumiaji, si kabla.

Kuoanisha

Mwaka 1982 Heinz Weihrich alipendekeza kuoanisha mambo ya ndani na ya nje, kwani orodha nne peke yake hazimwambii msanifu afanye nini. Kwa mfano, uwezo wa kufanya kazi bila intaneti ukioanishwa na mtandao hafifu, majaribio hupelekwa kwanza mahali kama kisiwa cha Kojani, kinachofikiwa kwa mashua, badala ya mjini Chake Chake.