Namba Tasa

Waliotutungia istilahi za hisabati kwa Kiswahili waliiita "namba tasa" ile isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea. Nadhani walitazama upande mmoja tu. Ni kweli hazigawanyiki, lakini namba nyingine zote, kuanzia 4, huzaliwa nazo kwa kuzidishana. 12 ni 2 × 2 × 3. 1961, mwaka tuliopata Uhuru, ni 37 × 53, wala hutapata namba tasa nyingine za kuizaa.

Neno hilo nililisikia nyumbani Kilosa kabla ya darasani. Ndilo walilomsengenyea shangazi yangu, ambaye hakujaliwa mtoto. Alitulea wanne, watoto wa kaka zake, kwa nyanya na machungwa aliyowauzia abiria wa mabasi pale Mikumi, kwenye barabara kuu iendayo Iringa. Jumamosi alirudi na fedha zimefungwa kwenye pindo la khanga, akatugawia za ada na madaftari kabla hajala. Mwalimu alipoandika "tasa" ubaoni darasa lilicheka, na wawili watatu wakanigeukia. Tangu hapo nazifuatilia namba hizi kama mtu afuatiliaye kesi ya ndugu yake.

Ninayoipenda kuliko zote ni 2147483647. Andika 2 mara 31, zizidishe zote pamoja, kisha toa 1. Si kila namba ya mtindo huo ni tasa: ukiandika 2 mara 11 utapata 2047, nayo ni 23 × 89. Mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, aliitaja hii kubwa kuwa tasa mwaka 1644, bila kutoa uthibitisho. Uthibitisho ulitolewa mwaka 1772 na Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa St. Petersburg, macho yake yakiwa karibu yamekwisha. Hakujaribu kila kigawanyo. Alionyesha kwamba namba tasa yoyote iwezayo kuigawanya, nayo yenyewe ikigawanywa kwa 248, lazima ibakize 1 au 63. Tena hapakuwa na haja ya kuvuka 46340, maana 46341 × 46341 yaizidi. Akajaribu zilizosalia, hakuna iliyoigawanya.

Namba hiyo imo pia ndani ya mashine. Kompyuta nyingi za zamani huhesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970, na hesabu yao haiwezi kupita 2147483647. Itafika hapo tarehe 19 Januari 2038, kwetu saa 12 na dakika 14 asubuhi. Sekunde ifuatayo, zile zisizorekebishwa zitajiona ziko Desemba 1901, wakati ujenzi wa Reli ya Kati ulikuwa haujaanza hata Dar es Salaam, na Kilosa hapakuwa na stesheni.