Waliohama na Waliobaki

Mpenzi yeyote wa dansi anaujua ubishi wa Msondo na Sikinde. Muhidin Gurumo aliimba NUTA Jazz, mama wa Msondo, tangu 1964. Mwaka 1978 yeye na mpiga gitaa Abel Balthazar walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Mlimani Park, yaani Sikinde. Mwaka 1985 tajiri Hugo Kisima akawavuta wanamuziki sita wa Sikinde, wakiwemo hao wawili, akaunda Safari Sound, "Ndekule".

Huku Igogo tulisikiliza redio tukasema Sikinde imekwisha. Haikwisha. Mpiga saksafoni Michael Enoch alibaki, wakapatikana wengine, na dansi likaendelea. Baadaye Gurumo alirudi Msondo, akapokewa.

Nilipokuwa mkuu wa shule, mwalimu wangu wa hesabu alihamia penye mshahara mnono. Nilimwita msaliti, nikakataa kumpa mkono wa kwaheri. Kijana niliyempuuza akashika chaki, na wanafunzi wakafaulu.

Yule aliyehama nilimwona tena siku ya mazishi yake. Mkono ule nadaiwa hadi leo.