Utapeli katika Kurasa za Benki: Nani Abebe Hasara?

Mteja wa benki akikwama siku hizi haanzii tawini. Anafungua ukurasa wa benki yake Facebook, Instagram au X, na chini ya tangazo la mkopo wa sikukuu anaandika: "Jamani, tangu jana hela imekatwa na haijafika, nisaidieni." Kabla ofisa wa benki hajaliona lalamiko hilo, akaunti yenye nembo ileile, rangi zilezile na jina lililozidi herufi moja imeshajibu: "Pole sana mteja wetu. Tuandikie WhatsApp upate msaada wa haraka." Huko anapokelewa kwa adabu. Anaulizwa jina kamili, tawi alikofungulia akaunti, namba ya akaunti. Mwishowe anaombwa asome tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yake "ili tuthibitishe kama ni wewe". Tarakimu hizo ndizo zinazomwezesha tapeli kuisajili simu yake mwenyewe kwenye akaunti ya mteja. Baada ya hapo ni suala la dakika chache: fedha zinahamishiwa kwenye laini ya simu, na wakala anazitoa taslimu bila kujua lolote.

Hadaa hii si ndugu wa ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ujumbe ule hurushwa kwa watu wengi kwa kubahatisha. Huku tapeli anamfuata mtu ambaye ameshatangaza hadharani kwamba ni mteja wa benki fulani, ana shida fulani, na anasubiri jibu. Onyo tulilozoea, kwamba tusiamini ujumbe tusioutarajia, halimsaidii mteja huyo, kwa sababu huu anautarajia. Ameuomba mwenyewe.

Hoja yangu ni kwamba hasara ya utapeli wa namna hii, kwa sehemu yake kubwa, ibebwe na taasisi ya fedha na wala si mteja. Benki na vyama vya akiba na mikopo (SACCOS) ndivyo vilivyohamishia huduma kwa wateja kwenye kurasa za wazi, kwa kuwa ni nafuu kuliko kuajiri watu wa kupokea simu na kukaa dirishani. Aliyevuna unafuu huo hawezi kumwachia mwingine hatari yake.

Utetezi wa taasisi nyingi ni kwamba zimeshatoa elimu: "Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri." Elimu ni jambo jema, lakini ina mpaka. Mwaka 2009 Cormac Herley, mtafiti wa Microsoft, alionyesha kwamba watumiaji wanaopuuza ushauri wa usalama mara nyingi wana sababu ya kiuchumi: jumla ya muda na usumbufu wanaotakiwa kuubeba watu wote huzidi hasara ambayo ushauri huo ungeizuia. Ross Anderson wa Cambridge alilifikia suala hili kwa njia nyingine. Katika maandiko yake kuanzia mwaka 1993 kuhusu wizi kwenye mashine za kutolea fedha, alilinganisha Marekani, ambako benki ililazimika kuthibitisha kosa la mteja, na Uingereza, ambako mteja aliambiwa kwamba mashine haikosei. Benki za Uingereza zilizembea, na wizi ukaongezeka. Anayejua kwamba hasara si yake hana haraka ya kuziba ufa.

Mfano ninaouona kuwa na mafunzo mengi kwetu unatoka Singapore. Desemba 2021 wateja wa benki ya OCBC walipokea SMS za hadaa zilizojipanga ndani ya mfululizo uleule wa ujumbe halali wa benki, zikiwa na linki ya tovuti bandia. Wateja wapatao 790 walipoteza dola za Singapore milioni 13.7. Benki iliwarudishia zote. Januari 2022 mamlaka ya fedha ya nchi hiyo na chama cha mabenki vikatangaza hatua mpya: linki ziondolewe katika SMS na barua pepe zinazokwenda kwa wateja wa kawaida, na kifaa kipya kinachosajiliwa kuidhinisha miamala kisianze kazi mpaka zipite angalau saa 12. Tumrudie mteja wetu wa tarakimu sita. Saa hizo zingempa nafasi ya kupokea taarifa kwamba simu asiyoijua imesajiliwa kwenye akaunti yake, akapiga simu benki, na fedha zake zikabaki salama. Hakuna semina ya elimu kwa wateja inayoweza kufanya kazi hiyo.

Tangu 16 Desemba 2024, Singapore ina mfumo wa kugawana wajibu: benki iliyokiuka masharti yake hulipa kwanza, ikifuatiwa na kampuni ya simu iwapo yenyewe ndiyo iliyokosa. Uingereza nayo, tangu 7 Oktoba 2024, inazitaka taasisi iliyotuma fedha na iliyozipokea kugawana sawasawa fidia ya mteja aliyehadaiwa, hadi pauni 85,000. Kwetu, ambako laini ya simu ndiyo kituo cha fedha zilizoibwa, kuihusisha taasisi inayopokea ni jambo la lazima.

Wapo wanaosema kwamba mteja akihakikishiwa fidia atazembea. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana kanuni za Uingereza haziwalindi waliozembea kupita kiasi, na zinaruhusu mteja akatwe hadi pauni 100. Lakini mtu aliyemjibu "ofisa" chini ya tangazo la benki yake mwenyewe si mzembe wa kiwango hicho. Wala alama ya bluu kando ya jina si kinga tena: Novemba 2022, Twitter (sasa X) ilipoanza kuiuza, akaunti bandia ya kampuni ya dawa ya Eli Lilly ilitangaza kwamba insulini sasa ni bure, na watu wakaamini.

Kwa SACCOS suala ni gumu zaidi, na sipendi kulirahisisha. Chama ni mali ya wanachama. Kila shilingi ya fidia inakatwa kwenye gawio la mwalimu au mkulima, mwanachama mwenzake na aliyeibiwa. Chama kidogo hakina mtu wa kushinda kwenye Facebook akisaka kurasa bandia. Lakini hiyo ndiyo sababu ya vyama kuungana, kuwa na kitengo kimoja cha kufuatilia kurasa hizo na mfuko mmoja wa fidia. Hiyo haiwi sababu ya kumwacha mwanachama peke yake. Chama kisichomudu kusimamia ukurasa wa wazi kifunge sehemu ya maoni, kitangaze namba moja ya simu, na wanachama waelezwe hivyo mkutanoni.

Sheria zipo. Sheria ya Kenya ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018 inataja hadaa ya aina hii waziwazi na kuiwekea faini ya hadi shilingi 300,000 au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Zote mbili zinamlenga tapeli, ambaye mara nyingi hapatikani. Mteja na benki ndio wanaopatikana. Benki Kuu za nchi zetu, pamoja na wasimamizi wa ushirika, waandike kanuni mbili: kifaa kipya kisubiri kabla ya kuhamisha fedha, na taasisi isiyotimiza hilo imlipe mteja wake.